Shuka la Mzee Dalmas Owuor

Tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 14 Machi 2009, hapa nyumbani kwake Subukia, ni Mzee Dalmas Owuor Odero. Alizaliwa tarehe 3 Agosti 1931 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, Nakuru. Baba yake, Mzee Odero, alilisha moto wa garimoshi, na mama yake, Akoth, alifua masizi ya kazi hiyo. Wote wawili walitangulia.

Alisoma shule ya misheni pale mjini hadi darasa la sita, mwaka 1946. Mwalimu alimshtaki nyumbani kwamba kijana anatazama dirisha kuliko ubao. Baba yake akajibu kwamba hata dirisha limelipiwa karo. Marehemu aliendelea kutazama madirisha maisha yake yote, na kama tutakavyosikia, alipata moja la kwake.

Mwaka 1950 alipanda Dundori kuchunga kondoo kwenye shamba la Mzungu mmoja ambaye wafanyakazi walimwita Kipara, kwa sababu iliyoonekana hata kwa mbali. Kule juu ukungu hushuka alfajiri ukalala malishoni, na kondoo wakitoka zizini huwa kama vipande vya ukungu vilivyoamua kutembea. Dalmas alisema hakuwahi kuwa na uhakika kama aliajiriwa au aliota.

Ndoto hiyo iliingiliwa na mbweha. Msimu wa kuzaa wa mwaka 1955 walikuwa wakibeba wanakondoo kila mapambazuko. Kipara alichoka, akaleta mkebe wa sumu, akatangaza kwamba Jumatatu ijayo nyama yenye sumu itatupwa kwenye malisho yote. Watu wa laini, yaani zile nyumba za wafanyakazi, walijua maana yake. Shamba jirani lilikuwa limefanya hivyo, na kwa wiki nzima hapakubweka mbwa hata mmoja.

Sasa, pale laini palikuwa na msichana aliyefua nguo za nyumba kubwa, Milcah Adero, na Milcah alikuwa na mbwa wa kahawia aitwaye Chumvi, ambaye hakuna kitu alichokiona chini asikilambe. Dalmas alikuwa akimtazama Milcah tangu mwaka uliotangulia kwa macho yale yale ya dirishani, bila kusema lolote la maana. Kuhusu Chumvi, alisema. Alimwendea Kipara akaomba apewe bunduki ya marisau, yaani vile vigololi vidogo vya risasi, mpaka hiyo Jumatatu, ili ammalize mbweha na sumu isitupwe. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na bunduki haikuachwa mikononi mwa mfanyakazi hivi hivi. Lakini mkono wa Kipara ulitetemeka tangu arudi vitani, kwa hivyo wakakubaliana: Dalmas atapiga, Kipara atakaa nyuma yake, na bunduki itarudi ndani kabla ya chai.

Asubuhi ya kwanza alichagua vibaya. Alichukua bunduki fupi, nyepesi, iliyokaa vizuri begani, na risasi za kupigia kanga, zenye marisau madogo kama punje za wimbi. Mbweha alibiringika, akainuka, akakimbia akilia. Dalmas alimfuata mikono mitupu mpaka jua likakaribia kuzama na asimpate. Alirudi laini, akakataa chakula, akamwambia Milcah kwamba hakumuua yule mnyama, amemwachia maumivu ayabebe.

Kesho yake akataka kuona kwa macho bunduki inafanya nini hasa. Alihitaji kitambaa kikubwa cheupe. Milcah alikuwa na kimoja tu: shuka la kitambaa cha amerikani alilolitarizi maua pembeni kwa miezi mingi, akiliweka kwa ajili ya siku yake ya ndoa. Alilitoa kabatini, akalishika kidogo kabla ya kuliachilia.

"Owuor, ukilitoboa utalilalia hivyo hivyo mpaka mwisho," alimwambia. "Sishoni lingine."

Baadhi ya wazee wanahesabu hayo kuwa ndiyo posa. Marehemu hakuwahi kuyapinga.

Alilitundika kwenye mbao za zizi, akarudi nyuma mpaka kwenye birika la kunyweshea. Safari hii alishika ile bunduki ndefu ya mitutu miwili, nzito, ambayo mtutu wake wa kushoto umebana mdomoni ili marisau yasisambae haraka. Kwenye pembe moja alipiga yale madogo: matundu mengi, lakini kwenye mbao yalikwaruza tu, ngozi ya mbweha ingeyacheka. Pembe ya pili alipiga makubwa kama maharagwe. Hayo yalipasua mbao, ila yalikuwa machache, na kati yake mbweha mzima angepita akitoa salamu. Katikati ya shuka akapiga ya wastani, kama punje za mtama. Yakaingia mbaoni yakazama, na matundu yakakaa duara moja, yamekaribiana, hayazidi upana wa shuka lililokunjwa mara mbili. Alisimama akilitazama duara hilo muda mrefu. Milcah alikuwa akitazama maua yake.

Jumapili ilikuwa siku ya mwisho. Kulipopambazuka Dalmas alijilaza nyuma ya gogo la mwerezi, upepo ukimjia usoni, Kipara nyuma yake, na akaanza kulia kama mwanakondoo aliyepotelewa na mama. Sisi wajukuu tulimwomba mlio huo kila Krismasi, na kila Krismasi bibi mmoja wa jirani alitoka kuhesabu kondoo wake. Mbweha alitokea kwenye ukungu taratibu, kama wazo. Akasimama. Halafu kutoka upande wa pili akatokea Chumvi, mkia juu, aliyekata kamba ili aje kumwokoa huyo mwanakondoo.

Mbwa na mbweha wakasimama wakitazamana, karibu mno. Kipara alinong'ona piga. Dalmas hakupiga. Alisema baadaye kwamba aliliona shuka limetundikwa pale kwenye ukungu, na pua ya Chumvi iko ndani ya duara. Kipara alinong'ona tena, kwa hasira. Dalmas akangoja. Mbweha alipogeuka na kupiga hatua kando, duara likamfuata, mbwa akatoka ndani yake, na hapo ndipo alipovuta. Mbweha aliangukia pale pale bila sauti. Chumvi aliketi chini, akawaza maisha yake.

Kipara aliuliza alikuwa akingoja nini muda wote ule.

"Nilikuwa natandika kitanda, Bwana."

Mbweha wengine walihama bonde lile, na mkebe wa sumu ulirudishwa dukani haujafunguliwa. Chumvi alikufa kwa uzee, akiwa mnene.

Marehemu na Milcah walifunga ndoa Jumamosi tarehe 15 Desemba 1956, mjini Nakuru. Shuka lililaliwa kama ilivyoamriwa. Walipohamia Subukia mwaka 1966, kwenye shamba hili walilonunua kupitia ushirika, shuka lilikuwa limechakaa, likawa pazia la dirisha la mashariki. Watoto wake wanne, Akoth akiwa wa kwanza, walikua wakiamka chini ya nyota: jua likichomoza hupita kwenye yale matundu na kutapakaa ukutani. Lile duara la katikati waliliita mwezi.

Mwaka 2007 alipatikana na kisukari, na macho yakafifia. Alitibiwa Nakuru, kisha akaomba arudishwe kwenye dirisha lake. Alfajiri ya Alhamisi tarehe 5 Machi, nyota zikiwa ukutani, alimshika mkono mkewe na kumuuliza kitu kimoja.

"Mbwa ametoka?"

"Ametoka, Baba Akoth," Mama Milcah akamjibu. "Sasa hayumo."

Basi akapumua mara moja, polepole, akaachilia.

Ameacha mjane, Milcah Adero, watoto Akoth, Odero, Awuor na Obura, wajukuu kumi na wawili, vitukuu watatu, na mbwa wa kahawia ambaye tangu Alhamisi ile hajatoka chini ya dirisha. Jana Mama Milcah alilishusha lile pazia, akalifua mwenyewe, akalitandika ndani ya jeneza, maua yakielekea juu. Alikuwa amesema mpaka mwisho, na yeye hasemi ovyo.

Alilalie, Mzee Dalmas, na apumzike kwa amani.