Mama Majina Anashuka Ngazi

Ijumaa ya tarehe 28, saa kumi jioni, Mama Majina ataifunga droo yake ya chini, ile isiyoingia mpaka uisukume kwa goti, kisha ataiaga nyumba yetu ya uchapishaji baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa kuwa tumekaa meza kwa meza kwa miaka ishirini na sita. Haikuniuliza kama namwonea wivu. Ingeniuliza ningesema ndiyo, tena sana, na kazi hii angepewa mtu wa stoo.

Alianza kama mpiga chapa, enzi ambazo miswada ililetwa imeandikwa kwa mkono na kufungwa kwa kamba ya katani. Alikuwa na miezi mitatu tu kazini alipoacha mashine katikati ya ukurasa, akamfuata mwandishi mmoja aliyekuwa amekaa mapokezi, akamwambia kwamba jambazi wake bado hajazaliwa. Jambazi huyo aliitwa Jitu. Mama Majina aliuliza ni mama gani aliyebeba mimba miezi tisa atakayemwangalia mwanawe usoni na kumwita Jitu. Ujambazi mtu hujifunza ukubwani, alisema, lakini jina hupewa angali ananyonya. Mwandishi aliondoka amenuna. Siku ya tatu akarudi, na jambazi akaitwa Faraja, mtoto wa pekee wa mwanamke aliyengoja miaka saba. Wasomaji walilia Faraja alipotiwa pingu. Tangu hapo hakuna riwaya iliyotoka hapa bila kupita mezani kwake.

Majina yake aliyaweka kwenye kasha la viatu vya mumewe, dereva mstaafu ambaye hadi leo anauliza kasha lake litarudi lini. Kila jina lilikuwa na kadi yake, iliyokatwa kutoka kwenye majalada yaliyoharibika kiwandani. Aliyaokota kwenye foleni ya zahanati, kwenye kadi za harusi, kwenye matangazo ya vifo. Jina likishatumika kitabuni, alikata ncha ya kadi kwa mkasi ili lisirudiwe. Juu ya kadi hakuandika maana ya jina hata siku moja. Aliandika nani alilitoa, na siku hiyo nyumbani kulikuwa na nini.

Halafu kulikuwa na ngazi. Wageni wetu wengi wamewahi kushtuka, kwa hiyo nieleze. Kabla ya kumkabidhi mwandishi jina, Mama Majina alitoka hadi kichwani mwa ngazi, akalipaza kwenda chini ghorofa tatu, kama mzazi anayemwita mtoto aliyetumwa dukani akachelewa. Aliliita mara tatu. Akiona haya, au akichoka, au akicheka, kadi ilirudi kashani. Asipopatwa na lolote kati ya hayo alisema jina limeitika. Linaitikaje na mwenyewe hayupo? Utajua tu, ndivyo alivyonijibu, na jibu hilo limenikera kwa miaka ishirini na sita. Mlinzi alipanda mara mbili akidhani kuna mtoto amepotea. Dada mmoja wa kitengo cha mauzo alifika juu anahema, akaambiwa pole mwanangu, si wewe, ni bibi harusi wa sura ya tisa.

Mimi mwenyewe hakuniita ngazini. Wiki yangu ya kwanza, nilipita na kalamu yangu nyekundu nikaweka nukta mwisho wa tangazo la mlango wa choo, na yeye akaniona. Saa nne alikuwa ameshaniita Bwana Nukta. Saa nane mlinzi aliniita Bwana Nukta. Leo hata mke wangu ananiita hivyo, na wakwe zangu, na jina nililopewa na baba yangu limebaki kwenye kitambulisho tu. Jamani, mtu anakuja kazini na jina lake kamili, anarudi nyumbani na la watu!

Sasa niuseme huo wivu, maana ukweli ukifichwa huoza. Mimi ndiye mhariri. Mimi ndiye ninayekaa na mswada miezi minane, nafukua, nashona, naziba. Kuna riwaya niliipunguza kurasa arobaini ikapona kabisa, lakini kwenye uzinduzi wake watu walisimama kusifu jina la mama mkwe wa mle kitabuni. Zile kurasa arobaini hakuna aliyezitaja, na kweli, mtu atakumbukaje kilichoondolewa? Nilikunywa soda yangu ikiwa chungu. Roho iliniuma, na sikuwa na wa kumwambia, kwa sababu niliyezoea kumwambia mambo yangu alikaa meza ya jirani, na ndiye niliyemwonea wivu.

Ndipo ikaja riwaya ya fundi cherehani, miaka kumi na miwili iliyopita. Fundi yule ni binti wa mwisho wa wazazi waliokwisha kata tamaa, na Mama Majina alimpa jina zuri, kama kawaida yake. Mimi nilikuwa na la kwangu. Nilikuwa nimelibeba kifuani mwezi mzima, na nilijua, kwa mara moja katika maisha yangu, kwamba langu ni bora. Ningeweza kulisema. Badala yake nilingoja karatasi za mwisho zije kwangu kabla ya kwenda kiwandani, nikachukua kalamu nyekundu, nikalifuta la kwake ukurasa baada ya ukurasa na kuandika la kwangu.

Nikaruka ukurasa wa 112.

Kitabu kilitoka. Kwenye ukurasa wa 111 fundi anatoka nyumbani na jina langu. Kwenye 112 mwanamke mwenye jina jingine anampima bwana mmoja kiuno. Kwenye 113 fundi wangu anarudi nyumbani amechoka. Barua zilimiminika. Wasomaji waliuliza yule mwanamke ni nani na amekwenda wapi na futi ya watu. Darasa moja la sekondari liliandika insha nzima kuthibitisha kwamba ni mzimu wa pacha wake. Mkurugenzi wa wakati ule alituita sote ukumbini, akainua kitabu juu, akauliza nani. Mimi, mtu wa nukta, nilijitia hamnazo nikatazama feni. Mama Majina akasimama. Alisema majina ni kazi yake, hivyo kosa ni lake. Akapewa barua ya onyo ikaingia kwenye faili lake, na mwaka uliofuata, mwaka aliostahili kuwa mkuu wa idara, faili likafunguliwa, barua ikaonekana, na ukuu nikapewa mimi.

Nimeukalia ukuu huo miaka kumi na mmoja. Kiti chake kina magurudumu, na sijawahi kukifurahia. Nilijipa moyo kwamba hakujua, kwamba alidhani ni kosa la kiwandani. Na kwa kuwa hakunisema, nilizidi kumwonea wivu, safari hii kwa ile raha yake ya kulala bila deni la mtu.

Jumanne iliyopita alikuwa anasafisha droo. Akaniwekea mezani bahasha kubwa iliyofungwa kwa kamba. Ndani mlikuwa na karatasi zile za fundi cherehani, zote, na mwandiko wangu mwekundu kila mahali, na juu kabisa ukurasa wa 112, mweupe kama ulivyotoka. Alikuwa nazo tangu siku ya kikao, umbali wa mkono kutoka kwenye kiwiko changu. Yeye akatoa simu, akanionyesha picha ya mjukuu wake wa kwanza, msichana, ana wiki sita. Bintiye, ambaye ni muuguzi, alikuwa amemwachia yeye kazi ya kumpa mtoto jina, na mama wa majina yote haya alikaa siku tisa na kasha mapajani asipate hata moja. Siku ya kumi alitoka kichwani mwa ngazi za nyumbani kwao akaliita lile langu. Aliniambia liliitika mara ya kwanza, na kwamba liliitika hivyo hivyo miaka kumi na miwili iliyopita, ndiyo maana alisimama pale ukumbini: alihofia ikijulikana ni mimi niliyelibadilisha tungebanwa tulirudishe la kwake, na la kwake lilikuwa baya zaidi.

Jina lenyewe silitaji hapa. Waliosoma kitabu wanalijua, na mtoto hajaombwa ruhusa.

Kwa hiyo, kwa idhini ya kamati au bila idhini yake, naomba Mkurugenzi wetu aitoe ile barua kwenye faili la Mama Majina kabla ya saa kumi ya Ijumaa na kuitia kwenye langu. Kuhusu kiti, wakubwa wataamua. Nimeshatoa vitu vyangu kwenye droo za meza yake.

Tunakushukuru, Mama, kwa kila mtu uliyetuletea humu ndani. Nenda kapumzike na mzee, umrudishie kasha lake, au usimrudishie. Uwe na afya, macho yasikuishie, na yule binti akianza kutembea na kupotelea mtaani, toka mlangoni umwite kwa nguvu zako zote. Mimi nitakuwa hapa ofisini, na bado nitakuwa naona wivu, kwa sababu jina ni langu lakini atakayeitikiwa ni wewe.

Bwana Nukta,
Idara ya Uhariri