Oili ya Gia Kwenye Bunduki ya Saa Moja

Fungeni mlango, na wewe mkubwa uliyekwisha kushika funguo za kabati langu kabla sijakata roho, ziweke hapa juu ya shuka nizione. Usininunie. Jana umeniuliza mara tatu kopo la misumari liko wapi, na wewe hujapigilia msumari hata wa kutundika kalenda. Na wewe binti yangu, nesi wetu, hiyo sindano ya usingizi isubiri. Kila nikianza kusema, mnanipima joto.

Msomi, kitinda mimba wangu, sogea uandike. Miaka minne digrii yako iko ukutani ikisubiri interviu; leo imepata kazi. Andika ninavyosema, usinisafishie lugha, usinitilie "inadaiwa" wala "inasemekana". Anayesema ni mimi.

Nyumba ni yenu wote watatu, na mama yenu asiondolewe chumbani kwake. Spana na jeki ni za binti, kwa sababu ni yeye peke yake anayezirudisha mahali pake. Hayo yamekwisha. Mlidhani mmeitiwa hayo tu.

Mnajua nilikuwa fundi magari kabla kampuni ya ulinzi haijanipa stoo ya silaha. Mafuta ya bunduki yalikuwa hayaletwi. Kila nikiandika kuomba, meneja ananirudishia karatasi imeandikwa "tumia busara". Basi nikatumia busara ya gereji. Nilitia oili ya injini, mpya, nyepesi, tone moja kisha kitambaa, na bunduki zikafanya kazi. Hata ile nyekundu ya gia otomatiki niliijaribu, haikuniaibisha. Andika hilo, wasije wakasingizia oili ya gari. Kosa ni langu. Ulipokuja msimu wa mvua na baridi, vyuma vikaanza kutu, nami nikajifanya mjuzi: nikachota oili ya gia ya lori, ile nzito inayonuka kama yai viza, nikaijaza ndani ya bolti, pale inapopita pini ya kugonga risasi. Kwenye lori uzito ule ndio kinga ya chuma. Nikasahau kwamba pini ya bunduki haina injini ya kuisukuma wala moto wa kuipasha. Ina springi moja tu, na asubuhi ya baridi oili ile inaganda kama gundi.

Asubuhi ile ya ukungu aliyepokea bunduki kwangu alikuwa Saa Moja, mlinzi tuliyemwita hivyo kwa sababu zamu yake ilianza saa moja na hakuwahi kufika saa moja na dakika moja. Nusu saa baadaye majambazi wakaingia ghala la dawa. Alilenga, akavuta triga. Ta. Akakoki, akavuta tena. Ta. Dereva wa ghala akapigwa risasi huku amemkodolea macho yeye, akingoja afanye kitu.

Nilifika kabla ya polisi, maana stoo ilikuwa nyuma ya geti lile lile la ghala. Saa Moja ananiambia, "Kaka, imegoma. Mara mbili imegoma." Nikamwambia, "Lete niiangalie." Akanipa, wanangu, kama mtu anavyomkabidhi daktari mtoto wake. Nikaitoa risasi ya ndani, nikaokota na ile iliyoruka chini. Zote mbili zilikuwa na alama kitakoni, kijishimo hafifu kama ukucha kwenye sabuni. Pini ilifika imechoka. Nikazitia mfukoni, nikaweka mbili safi, nikaosha bolti kwa mafuta ya taa. Polisi walipokuja, nikasema kwa kinywa hiki: silaha haina hitilafu. Bunduki nzima, risasi zimetimia, mlinzi hakufyatua hata moja. Nani angeuliza zaidi? Wakaamua kala njama na wezi, basi.

Alikaa mahabusu miezi kumi na minne, akaachiwa kwa kukosa ushahidi, na mtu wa namna hiyo kila anayempita njiani ni hakimu wake. Leo anashona viatu kwenye kona ya posta. Mama yenu aliwahi kusema, "Yule mtu mimi simwamini," nami nikiwa na kikombe cha chai mkononi nikajibu, "Hata mimi."

Tangu hapo sijamwamini mtu. Anayenitazama mara mbili, nadhani anajua. Meneja aliponipa cheti cha uaminifu, nilikisoma mara kumi nikitafuta dhihaka imejificha wapi. Na nyinyi nawashuku. Mkubwa, wewe ni msimamizi katika kampuni ile ile; jina langu ndilo lililokufungulia geti, na risasi mbili zenye alama zitakufungia. Ulitaka kuzitupa chooni, useme mzee alikuwa anaweweseka. Mwoneni anavyotazama sakafu! Kopo la misumari nilimozificha miaka yote ni tupu, mwanangu. Tangu Jumatatu nazilalia mimi, hapa kiunoni; ndiyo maana sikutaka kugeuzwa, mkadhani ni vidonda.

Msomi, nakala tatu. Moja Kiingereza cha ofisini, kwa meneja, na yale maneno yake "tumia busara" uyapigie mstari. Ya pili polisi, pamoja na risasi zenyewe. Ya tatu Kiswahili cha watu, isomwe mlangoni kwa mjane wa dereva, kwa sauti, mpaka majirani watoke. Msomaji ni mkubwa. Ukifukuzwa kazi, Msomi atakufundisha namna ya kushinda nyumbani.

Nyanyua mto kidogo, binti... hapo. Mungu awape usingizi wa mtu asiyeficha kitu. Awape... awape mikono inayosema ilichofanya. Mpendane. Mkishindwa, basi angalau msidanganyane.

Hodi hiyo... si jirani. Ni Saa Moja. Nilimwambia mama yenu kwanza, asubuhi hii. Akalia, akavaa viatu, akaenda kumleta, maana nyinyi mngemzuia. Mkubwa, toka mlangoni. Mpishe mtu apite. Simameni nyote... Ni rika langu huyu, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kumpa shikamoo. Mwamkieni.

Sijasikia.

Kwa sauti, masikio yananiishia... Mmoja mmoja. Mkubwa, anza wewe.