Dkt. Agneta Nanyama na Sikio la Kulia la Linet

Ijumaa, tarehe 29 Agosti 2025, Dkt. Agneta Nanyama anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kutibu masikio, pua na koo, kwanza Bungoma, kisha hapa Kitale. Kwa miaka hiyo yote, hakuna aliyewahi kumwona akinywa chai ameketi.

Binti huyu wa wakulima wa mahindi wa eneo la Kwanza hatulii. Kwenye mikutano husimama karibu na mlango akizungusha kalamu. Siku ya harusi ya mpwa wake kule Tuwan, alitoka kanisani kabla ya pete kuvishwa ili apigie wodi simu, kwa kuwa mtoto aliyempasua alikuwa na homa. Sisi wauguzi tulimlalamikia sana, hadi Linet alipoletwa.

Linet alikuwa na miaka saba. Sikio lake la kulia lilikuwa likitoa usaha tangu akiwa mchanga, na shuleni walidhani ni mkaidi kwa sababu haitikii akiitwa. Ndani ya sikio kulikuwa na uvimbe wa ngozi, ule unaokula mifupa polepole. Dkt. Nanyama aliomba picha ya CT, ile ya mionzi inayoonyesha mifupa ya ndani, ili ajue pa kupita. Asubuhi ya upasuaji akaitazama na kuona ukungu mtupu, maana mtoto alitikisika ndani ya mashine. Akaahirisha papo hapo.

Wabwile, baba ya mtoto, mkulima wa tumbaku, alikasirika.

“Daktari, mtoto hajakula tangu jana. Tumetoka Malakisi. Sasa ati turudi?”

“Baba Linet, nikikata bila kuona nitakuwa nabahatisha,” alimjibu. “Mshipa unaochezesha uso unapita hapo hapo. Nikiugusa, mtoto wako atakaa mdomo upande.”

Wabwile alitoka. Alikaa kwenye benchi nje, kofia mkononi, na hatukujua kama angebaki. Alibaki.

Mchana huo daktari alimlaza Linet kwenye kitanda cha wodi, wakacheza mchezo wa kutotikisika, na kila mara daktari ndiye aliyeshindwa. Kesho yake picha ya pili ilitoka safi. Mfupa unaofunika ule mshipa ulikuwa umeliwa, mshipa uko wazi kabisa, na uvimbe umepanda hadi kwenye mfupa mwembamba ulio chini ya ubongo. Njia aliyokuwa ameipanga mwanzo ingempeleka moja kwa moja juu ya mshipa. Alipanga upya, akatuonyesha sote kwenye skrini, akatuuliza maswali mpaka tukachoka.

Upasuaji ulikuwa mrefu. Linet alipoamka, daktari alimwinamia. “Funga macho. Kaza. Haya, nionyeshe meno.” Pande zote mbili za uso zilicheza. Dkt. Nanyama alitoka kumtafuta Wabwile.

Hakumficha Wabwile kwamba sikio hilo halitasikia vizuri kama lile lingine. Ila usaha ulikauka, na Linet sasa hukaa dawati la mbele.

Tangu hapo, mtoto mwenye uvimbe wa aina hiyo hafiki thieta ya upasuaji kabla timu nzima haijaketi kuichambua picha yake. Lakini daktari mwingine aliyeomba CT kwa kila sikio linalouma, Dkt. Nanyama alimrudisha akisema: “Mionzi si sukari ya kuongeza kwa chai.”

Wiki iliyopita Dkt. Kiplangat, anayechukua nafasi yake, alitueleza picha ya mtoto mwingine. Dkt. Nanyama alisimama nyuma, akikunja na kukunjua mikono. Aliuliza swali moja tu: “Na ukikuta mshipa uko wazi?” Kiplangat akajibu. Dkt. Nanyama akaitikia kwa kichwa, akatoka, akafunga mlango nyuma yake. Ndiyo mara ya kwanza kutuacha tuanze upasuaji bila yeye.

Daktari, tuna wasiwasi, hatufichi. Asante kwa kutufundisha kuwa nao kabla ya kukata. Nenda salama nyumbani Kwanza, uwe na afya na miaka mingi ya furaha. Na chai, tafadhali, unywe ukiwa umeketi.