Mama Kaki na Miguu Inayopimwa Jioni

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti, fundi viatu wa kliniki yetu ya miguu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Mimi niliyekuwa daktari mkuu wake nimeombwa niandike sifa zake. Naziandika kwa furaha, lakini lipo jambo linalomhusu ambalo nimelificha miaka kumi na tisa, na madaktari wanaonitibu wameshanishauri nisipange mambo ya mwakani. Litatoka humu humu, kabla ukurasa haujaisha.

Alipoajiriwa alipewa chumba nyuma ya stoo ya dawa, chenye dirisha moja na harufu ya gundi. Jina la Mama Kaki alilipata wiki ya kwanza, kwa sababu hakumshonea mtu kiatu bila kumsimamisha juu ya karatasi ya kaki na kuuzungushia mguu penseli. Karatasi hizo alizitundika ukutani, na mara nyingi alimtambua mtu kwa unyayo kabla ya kuukumbuka uso.

Wengi waliomjia walikuwa na nundu ya kidole gumba: mfupa umechomoza pembeni mwa mguu, na kidole kimewaegemea wenzake kama mlevi. Mimi ni mpasuaji, nilipenda kisu. Yeye alipenda kiatu chenye mbele pana. Muuguzi mkuu alipoviona viatu hivyo aliuliza, "Hivi ni viatu au mitumbwi?" Mama Kaki hakuinua kichwa. "Mitumbwi, dada. Ila itakuvusha." Miezi miwili baadaye muuguzi huyo huyo alikuwa mlangoni kwake, viatu vyake vya ncha kali mkononi, akiulizia mtumbwi wa namba thelathini na tisa.

Ndipo tukaamua kulinganisha tiba zisizo za kisu. Wagonjwa arobaini na wanane, makundi manne, miezi sita. Wa kwanza walilala na gango la kunyoosha kidole. Wa pili walivaa kipira kati ya vidole. Wa tatu walifanya mazoezi, wakiokota vitambaa sakafuni kwa vidole vya miguu hadi ukumbi mzima ukacheka. Wa nne walipewa mitumbwi ya Mama Kaki yenye soli laini ndani. Gango nililichora mimi, na vipimo vya kwanza vililipa ushindi. Nilitembea kifua mbele.

Ushindi huo ulidumu siku tisa. Taarifa iliyotundikwa ukumbini, yenye saini yangu, inaeleza kwamba wasaidizi walipima vibaya, kwamba daktari mkuu alilibaini kosa, na kwamba wagonjwa wote walipimwa upya. Ikaonekana gango linanyoosha kidole usiku, na kufikia jioni kimerudi kilipokuwa. Kipira na mazoezi viliwapa wachache nafuu. Katika kundi la viatu vipana, tisa kati ya kumi na wawili walitembea bila kuchechemea. Hakuna tiba iliyoondoa nundu, na Mama Kaki hakumdanganya mtu. "Haiondoki," aliwaambia, "inanyamaza."

Mmoja wa wale tisa alikuwa mwalimu wa hesabu aliyekuwa akifundisha amekaa, mguu mmoja juu ya ndoo iliyopinduliwa. Siku ya mwisho alitembea ukumbi wote, kwenda na kurudi, kisha akacheza mbele ya meza ya mapokezi. Foleni nzima ilipiga makofi. Tangu hapo kila mwenye nundu huanzia kwa fundi, na kwa mpasuaji hufika yule tu ambaye maumivu yamekataa kutulia. Kisu changu kilipata likizo ndefu.

Mama Kaki, asante. Wajukuu wakuone mchana kutwa, na viatu vya watu vikuache upumzike.

Sasa deni langu. Baada ya vile vipimo vya kwanza aliingia ofisini kwangu na bunda la karatasi za kaki. "Daktari," alisema, "mguu uliokaa kitini ni kama mtu aliye ukweni, una adabu za kuazima. Usimamishe jioni uone tabia yake." Alikuwa amewachora wagonjwa wote arobaini na wanane, jioni, wamesimama. Taarifa ilipotoka bila yeye kutajwa, aliisoma yote, akaikunja. "Ilimradi watu watembee," akasema, akarudi kwenye gundi yake.

Nilipewa nishani kwa taarifa ile, na wanafunzi bado wanaiita kanuni ya jioni kwa jina langu. Hakukuwa na wasaidizi. Wagonjwa niliwapima mwenyewe, asubuhi, wamekaa, gango limetoka kuvuliwa. Kosa lilikuwa langu, na aliyeligundua ni Mama Kaki.