Mama Jumatatu: Miaka Thelathini na Saba Mbele ya Mizani

Baada ya miaka thelathini na saba na miezi miwili ya utumishi, Mama Jumatatu, mpimaji mkuu wa mifugo katika kituo chetu cha utafiti, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Tarehe hizi zimehakikiwa mara tatu kwenye jalada lake; likibaki kosa, ni la mwandishi, si la jalada.

Aliajiriwa kufagia mazizi. Mwaka wa pili mpimaji wa zamani aliumia mguu, naye akakabidhiwa mizani kwa wiki moja. Wiki hiyo haijaisha hadi leo. Kila baada ya wiki mbili, Jumatatu asubuhi, kabla mifugo haijanywa maji, alisimama kando ya kizimba cha chuma akiita namba ya hereni ya kila mnyama na kilo zake. Ndipo lilipotoka jina lake.

Mawe ya kuhakiki mizani yalipopotea siku moja, alimpandisha mtunza stoo, ambaye uzito wake ulijulikana na kituo kizima. "Stoo, ama mizani ina wazimu, ama wewe umeongeza kilo nne," alitangaza mbele ya watu. Mizani ilikuwa nzima.

Lakini atakumbukwa zaidi kwa lile la ng'ombe wekundu. Miaka minne iliyopita rejesta zetu ziliingizwa kwenye kompyuta kwa mara ya kwanza, na mtaalamu wa hisabati akatengeneza modeli ya ukuaji: mlinganyo unaochora maisha ya mnyama kwa mstari mmoja. Mstari hupanda polepole utotoni, hukwea kwa kasi ujanani, kisha hulala mwili unapokomaa. Kwa ng'ombe wetu wekundu ulilala mapema mno, kwenye kilo 241. Barua ikaja kutoka makao makuu: aina hii haikui vya kutosha, kundi lote la ng'ombe 212 livunjwe kabla ya mwisho wa mwezi.

Mama Jumatatu alikuwa amewapima mama zao na bibi zao. Aliingia ofisi ya hisabati na mabuti yake ya matope, akautazama ule mstari uliobandikwa ukutani. Mtaalamu akamweleza kwa upole, "Mama, namba zinasema wamekoma kukua."

"Hawajakoma kukua, mwanangu. Wamekoma kuingia."

Kizimba chetu kilitengenezwa zamani kwa kipimo cha ndama. Ng'ombe aliyezidi mlango hakupimwa; kwenye rejesta aliwekewa kistari tu. Karani aliyekuwa mgeni kazini aliruka kila kistari wakati wa kuingiza takwimu, kwa kuwa kistari si namba. Hivyo modeli iliwaona wembamba peke yao, ikaamini kwamba wanene hawapo.

Karani yule alianza kuandika barua ya kujiuzulu. Mama Jumatatu aliichana ikiwa katikati. "Na mimi nimekitazama kizimba hicho miaka thelathini nikanyamaza. Aibu tugawane nusu kwa nusu. Futa machozi, tuna kazi."

Kumbe vile vistari kwake havikuwa vitupu. Kila ng'ombe aliyeshindwa kuingia, yeye alimzungushia kifuani futi ya fundi cherehani. Zilikuwa futi mbili, zilizounganishwa kwa uzi na mdogo wake ambaye ni fundi nguo, maana moja haikutosha. Vipimo vya miaka kumi na tisa vilikuwa kwenye daftari lake. Mtaalamu aligeuza vifua kuwa kilo kwa kanuni ya kukadiria uzito kutokana na mzunguko wa kifua, akaulisha mlinganyo upya. Mstari ukapanda hadi kilo 317.

Makao makuu yakajibu kwamba daftari la mtu binafsi si ushahidi, yakamtuma mkaguzi. Mkaguzi akachagua ng'ombe saba waliokomaa kwa kura, akichomoa vikaratasi kutoka kwenye kofia yake mwenyewe, wakapelekwa hadi mizani ya malori kwenye ghala la nafaka. Dereva alinung'unika njia nzima: "Mimi nimezoea magunia. Gunia halipigi teke."

Kwa wote saba, modeli ya kwanza ilitabiri kilo 1,687. Ya pili, 2,219. Lori lilipimwa likiwa na ng'ombe, kisha likapimwa tupu. Tofauti ilikuwa kilo 2,240. Mkaguzi akaomba ipigwe hesabu upya. Ikatoka ile ile. Mtunza stoo, mwanamume mzima, alipiga kigelegele.

Barua ya kuvunja kundi ilifutwa zikiwa zimebaki siku nne. Leo ng'ombe wekundu ni 340, kizimba kipya kina mlango mpana, na kila kistari kwenye rejesta kina sababu iliyoandikwa mbele yake.

Jumatatu iliyopita aliitundika ile futi kwenye msumari wa kizimba, akamwambia karani, "Ukiona nafasi tupu, usibaki kitini. Toka nje ukaangalie."

Kuanzia Julai, jina lake kwenye orodha ya zamu litawekewa kistari. Karani ameshaandika sababu: amekua kupita mlango wetu.

Ahsante, Mama. Tunakutakia afya tele na furaha nyumbani, na kila Jumatatu sasa iwe yako mwenyewe.