Fundi Hebu Nione na Injini ya Lori la Baba Yake

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi wenu mlimwita Hebu Nione kwa sababu hakukubali neno la mtu kabla hajaona kwa macho yake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa kwanza wa dereva wa lori.

Alisoma shule ya msingi ya ng'ambo ya reli, kuanzia 1959 hadi 1966, ambako alitolewa nje mara mbili kwa kutaka kuhakiki rula ya mwalimu, kisha akajifunza ufundi wa magari, na tarehe 3 Januari 1972 akaajiriwa katika gereji ya kampuni ya usafirishaji, alikofanya kazi hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011, bila kuamini lebo ya kopo la oili mpaka aimimine kiganjani, aisugue na kuinusa.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na mshonaji, aliyezoea upesi kuulizwa chumvi imetiwa saa ngapi na imetiwa na nani, wakajaliwa watoto watatu.

Baada ya kustaafu alianza kuifufua injini ya lori la baba yao, lililosimama uani tangu 1988, na mdogo wake, muuza vipuri, akamtafutia ringi mpya za pistoni, ila akashikilia kwamba oili iongezwe dawa ya kulainisha ili kulinda kamshafti, ule mhimili unaofungua vali, ambao madukani haupatikani tena.

"Kaka, utaiua hiyo kamshafti."

"Na wewe utaziua ringi, maana ringi mpya lazima zisugue ukuta wa silinda mpaka zikae. Rudisha kichupa chako mfukoni."

Injini iliwaka tarehe 21 Juni 2016, mke wake akatoka nje akiacha nguo ya mtu kwenye cherehani, lakini baada ya wiki tatu ikaanza kutoa moshi wa buluu na kula oili, naye akachomoa kijiti cha kupimia, akanusa, akashuku kuna mkono wa mtu, akaanza kukumbuka kila aliyepita uani, akamhoji mkewe, akamhoji mchomeleaji wa jirani, mwishowe akamuuliza mdogo wake mbele ya familia nzima, naye akaapa kwamba hakugusa kitu.

Marehemu aliifungua injini upya, akatia kufuli kwenye boneti, na kwa karibu miaka sita ndugu hao wa tumbo moja walisalimiana kwa kuinua kidevu tu, huku yeye, kwa kukosa ushahidi, akianza kushuku hata mikono yake, akazipima silinda zilezile mara kumi na moja.

Februari 2022 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akawahoji madaktari juu ya kila kidonge, na mdogo wake akajitolea kumpeleka hospitali mara mbili kwa wiki, mpaka tarehe 19 Agosti 2023, mbele ya benchi la kusubiri, aliposema, "Kaka, niliitia ile dawa. Nusu kichupa. Niliogopa kitu cha baba kitaisha."

Marehemu alimgeukia. "Miaka saba najishuku mikono," akasema, kisha akasogea, akampa nafasi akae.

Hakusema amesamehe, lakini tangu siku hiyo alimeza vidonge kutoka mkononi mwa mdogo wake bila kuuliza ni vya nini, hadi alipofariki tarehe 3 Septemba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, na ni mdogo wake huyo aliyeomba haya yasomwe mbele yenu bila kupunguzwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliojibu maswali yake yote, majirani waliovumilia moshi ule, na mafundi wenzake waliokuja na ovaroli zao.

Fundi, mikono yako haikukosea. Lala salama, upumzike.