Idrisa Mnalimi na Mkanda wa Kitaya

Wasikilizaji wapendwa, mlioko mjini, Mahurunga, Madimba, Kitaya na kila inakofika sauti hii, shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo. Mimi ni Esta Ngonyani. Saa hii nataka tumkumbuke mtu mmoja. Jina lake ni Idrisa Mnalimi. Wengi mlimwita Idrisa Studio. Alifariki mwezi uliopita hapa Mtwara, akiwa na miaka hamsini na saba.

Kama harusi yako ilichukuliwa kwenye mkanda wa video, na leo unaitazama kwenye simu, huenda mkono wa Idrisa ulipita hapo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kuchukua picha za zamani zilizokuwa zinaoza makabatini na kuziingiza kwenye kompyuta. Alianza na kaseti za video. Baadaye watu wakamletea filamu, zile za zamani kabisa, zilizoviringishwa kwenye magurudumu madogo ya bati.

Duka lake lilikuwa karibu na soko. Ukiingia unapokewa na harufu ya siki. Filamu ikizeeka hunuka siki, aliniambia mwenyewe siku moja. Ikishanuka hivyo, inakufa.

Wasikilizaji wapendwa, Idrisa alizaliwa Kitaya, pale mtoni. Hakumjua mama yake. Alilelewa na bibi yake mzaa mama. Bibi alimwambia kwamba mama yake, Somoe, alikufa kwa homa Idrisa akiwa mdogo. Alimwonyesha na kaburi, kule nyuma ya mikorosho ya familia. Kila mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, Idrisa alitoka mjini akaenda kulifyeka lile kaburi na kumwombea mama yake dua. Alifanya hivyo tangu ujana wake. Picha ya mama hakuwa nayo hata moja.

Nasema tena, ili tuende pamoja. Idrisa aliambiwa mama yake alikufa kwa homa. Na kaburi alionyeshwa.

Sasa sikilizeni.

Miaka michache iliyopita, mwalimu mstaafu anayeitwa Theresia, mkazi wa Shangani, alifika dukani na boksi. Baba yake, marehemu mzee Josephu, alikuwa fundi wa mitambo bandarini miaka ya sabini. Mzee huyo alinunua kamera ndogo ya filamu kwa baharia mmoja, na Jumapili akitoka na familia alikuwa anapiga picha kila kitu. Alipofariki, boksi likabaki kwa binti. Mwalimu Theresia alitaka wajukuu wamwone babu yao.

Mikanda mingi ilikuwa salama. Mmoja ulikuwa umeharibika. Ulikuwa umesinyaa, na vile vitundu vya pembeni vimechanika, hauwezi kupita kwenye mashine. Idrisa akauchukua picha moja moja. Anausogeza kwa vidole, anapiga, anausogeza tena. Mkanda wenyewe ulikuwa unakatika mikononi mwake. Kwa hiyo hakuutazama ukitembea mpaka alipomaliza kuuingiza wote kwenye kompyuta.

Mwalimu Theresia alikuwepo siku hiyo mchana. Alikuja kuchukua mikanda yake. Nimeongea naye.

"Tulikaa wawili tu," anasema. "Nikaona mto. Nikasema, hii ni Kitaya, baba alitupeleka, mimi nilikuwa darasa la pili. Mara akatokea mwanamke kijana, amejifunga kanga, na bibi mmoja, na mtoto wa kiume. Idrisa akasimamisha. Akaniuliza, mwalimu, huyu mama unamjua? Nikamwambia hapana, ni watu tu wa pale mtoni, baba alipenda kupiga mitumbwi ikiondoka. Nikamwangalia. Alikuwa ameinama mpaka uso unakaribia kioo."

Wasikilizaji wapendwa, bibi aliyekuwa kwenye ile picha alikuwa bibi yake Idrisa. Alimlea mpaka akaoa, Idrisa asingeweza kukosea. Na yule mtoto alikuwa na kovu la moto mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko hadi kifundo. Idrisa alizikwa na kovu hilo hilo.

Mimi nimeitazama hiyo picha. Nitawaambia nilichokiona.

Mwanamke anainama. Anamshika mtoto uso kwa mikono miwili. Anamkabidhi kwa bibi. Anakanyaga maji, anaingia kwenye mtumbwi, anakaa. Anageuka. Anasema kitu. Midomo yake inaonekana wazi kabisa, lakini filamu zile hazina sauti. Mtoto anafurukuta mikononi mwa bibi. Mtumbwi unakwenda. Unafika kama katikati ya mto. Halafu kioo kinakuwa cheupe. Mkanda umeisha.

Mama ambaye Idrisa aliambiwa alikufa kitandani kwa homa, yuko mzima, anavuka Ruvuma.

Wiki ile ile Idrisa akaenda Kitaya kwa mama yake mdogo, Bi Mwanaisha, mdogo wake Somoe. Bibi alishafariki zamani. Bi Mwanaisha ndiye aliyebaki peke yake katika watu wazima wa nyumba ile. Idrisa hakumsalimia sana. Akamwekea simu mkononi.

Bi Mwanaisha anasimulia: "Nikamwona dada yangu. Nikasema, astaghafirullah, huyu anatoka wapi? Idrisa akaniuliza, mama mdogo, kaburini kuna nani? Nikamrudishia simu. Akaniuliza tena. Nikamwambia, mwanangu, mle kuna kanga."

Kumbe ilikuwa hivi. Somoe aliolewa kwanza ng'ambo, upande wa Msumbiji, akazaa binti, Nuru. Ndoa ikavunjika, binti akabaki kwa watu wa baba yake. Somoe akarudi Kitaya, akaolewa tena, akamzaa Idrisa, na baba yake Idrisa akafariki mapema. Halafu vita ya ng'ambo ikazidi. Watu wakawa wanakimbia vijiji vyao. Somoe akasema hawezi kulala na mtoto wake yuko kule. Akavuka kwenda kumchukua. Alisema atarudi na binti yake kabla mahindi hayajakauka.

Hakurudi.

"Huyu Idrisa alikataa kula," anasema Bi Mwanaisha. "Kila asubuhi tunamkuta mtoni, amesimama kwenye maji, anaita. Na mto ule una mamba. Tunamfunga mlango, anatoka. Mama yangu akaona tutampoteza na huyu. Akachukua kanga ya Somoe, akachimba mwenyewe, akaizika. Shehe hakuitwa, hakukuswaliwa. Akamshika mtoto mkono akamwambia, mama yako yuko hapa, mtoni hayuko. Basi. Toka siku ile hakwenda tena mtoni."

Mimi nikamwuliza, Bi Mwanaisha, baadaye alipokuwa mkubwa, kwa nini hamkumwambia?

Akanijibu, "Tungeanzia wapi, mwanangu? Alikuwa anamwombea vizuri."

Mke wa marehemu, Shamimu, anasema mumewe alirudi kutoka Kitaya akiwa na hasira ambayo hakuwahi kumwona nayo. Hakutaka kusikia jina la Kitaya. Lakini Shaabani ilipofika akachukua panga lake akaenda kufyeka kama kawaida.

"Nikamwuliza, baba Mustafa, unafyeka nini na unajua hamna mtu?" anasema Shamimu. "Akaniambia, nimezoea kumwombea pale, Shamimu. Mahali pengine sina."

Idrisa akaanza kumtafuta dada yake. Alikuwa hajui kama ana dada, sasa anaye, au alikuwa naye. Akaikata ile picha fupi, akawapa wafanyabiashara wanaovuka na samaki na mahindi. Ikatembea simu hadi simu kule ng'ambo. Ikapita miezi bila jibu lolote.

Siku moja akiwa dukani, simu ikaita. Namba ngeni. Sauti ya mwanamke mtu mzima, Kiswahili chake cha Kimakonde.

"Huyo mama wa kwenye simu, umemtoa wapi?"

"Wewe nani?"

"Mimi Nuru. Wa Somoe."

Idrisa akakaa chini. Akamwambia, mimi ni Idrisa, wa Somoe pia. Kisha akauliza lile alilokuwa akiliogopa.

"Mama yuko wapi?"

Nuru akasema, "Mimi ndiyo nakuuliza wewe. Si alibaki kwenu? Niliambiwa amebaki na mtoto wa kiume, mimi kaniacha."

"Alivuka kuja kwako, dada. Hajafika?"

"Hakufika."

Wasikilizaji wapendwa, naomba hapa tutulie. Ng'ambo hii alikuwepo mtoto aliyeamini mama yake amekufa. Ng'ambo ile alikuwepo mtoto aliyeamini mama yake amemtupa. Na mama aliingia kwenye mtumbwi akiwa mzima, mchana kweupe, watu wanamwona, na hakufika upande wa pili. Wengine walisema ni risasi. Wengine walisema ni maji. Mwenye mtumbwi naye hakuonekana tena. Hakuna anayejua.

Nuru alikuja Mtwara baada ya muda, maana mpaka ule siku hizi hauvukwi ovyo. Akaketi dukani, mbele ya kioo kikubwa. Shamimu alikuwepo. Anasema Idrisa alikuwa na tabia ya kuisimamisha picha kabla mtumbwi haujafika katikati. Hakuwahi kuiacha iishe akiwa peke yake. Siku ile Nuru akamwambia aiache.

Mtumbwi ukaenda. Kioo kikawa cheupe. Nuru hakuinuka.

"Imeisha, dada," Idrisa akamwambia.

"Haijaisha," Nuru akasema. "Bado yumo majini."

Wakakaa pale wakitazama ule weupe, hata wateja wakaja wakaondoka. Mwishowe Nuru akasema neno moja, kwa sauti ndogo, na Shamimu analikumbuka hadi leo. Alisema, "Kumbe alikuwa anakuja."

Nilimpigia Bi Nuru juzi. Nikamwuliza picha ile ilimsaidia nini. Akaniambia, "Nimekuwa mama mwenye hasira maisha yangu yote. Watoto wangu wanajua. Sasa hasira sina pa kuiweka. Na usingizi pia sina."

Hata Idrisa hakupona kwa kuijua kweli, tusidanganyane. Shamimu anasema mumewe aliendelea kuitazama kila siku baada ya alasiri. Alitaka kujua mama yake alisema nini pale alipogeuka. Alimwuliza Bi Mwanaisha, lakini siku ile ya mtumbwi yeye alikuwa shambani. Alimwuliza mwalimu Theresia, hakukumbuka.

"Nikipita nje ya duka namsikia anaongea," anasema Shamimu. "Nikadhani ana mteja. Nachungulia, yuko peke yake. Mama yake anageuka pale kwenye kioo, anasema, na yeye anaitika. Anasema, naam, mama. Hajui ameambiwa nini, lakini anaitika. Nilikuwa narudi zangu nyumbani, siwezi kuingia."

Moyo ulimsumbua muda mrefu. Alipolazwa, Shamimu alingoja aseme lolote kuhusu mto, au kaburi, au dada yake. Hakusema. Aliuliza kama duka limefungwa vizuri, mvua isije ikaingia kwenye mikanda ya watu. Asubuhi yake akafariki.

Alizikwa Kitaya. Bi Nuru hakuwahi mazishi, lakini alifika kwenye hitima. Siku ya kuondoka, Mustafa, mtoto wa marehemu, alimsindikiza shangazi yake mpaka mtoni. Alimwona akipanda, alimwona akienda. Ananiambia alisimama pale mpaka simu yake ilipoita na shangazi akamwambia, "Nimefika, baba. Nenda nyumbani."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Shamimu, kwa Mustafa na wadogo zake, kwa Bi Mwanaisha kule Kitaya, na kwa Bi Nuru, kama sauti hii inavuka mto na kukufikia, sisi hapa tunawapa pole nyingi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mwenyezi Mungu amrehemu Idrisa Mnalimi.

Nina ombi moja. Duka la Idrisa bado lina mikanda ambayo wenyewe hawajaifuata. Shamimu alinifungulia mmoja. Niliona uani kwa watu. Mwanamume amevaa fulana, anamkimbiza kuku, anaanguka, watu wanacheka. Msichana anapita na ungo, anajificha uso. Kikongwe mmoja amekaa kwenye mkeka, anatazama kamera moja kwa moja, wala hacheki. Sijui ni akina nani. Shamimu hajui. Aliyejua amezikwa.

Kama uani ule ni kwenu, nenda pale karibu na soko ukaangalie. Na usiende peke yako. Mchukue mkubwa wa nyumba yenu, angali anaona na angali anakumbuka, akutajie majina yao.